Louis Pasteur, Mfaransa aliyechungulia ndani ya pombe iliyochacha

Baada ya mavuno, mtama na uwele vikishaingia ndani, ni vigumu kupita Ihanja na vijiji jirani vya wilaya ya Ikungi bila kukuta nyumba yenye pombe. Na penye pombe hapakosi ubishi. Wako wanaoipenda ikiwa changa, bado tamu, yenye harufu ya kimea. Wako wanaosema hiyo ni uji wa watoto. Wao huisubiri ichache mpaka mtu akinywa akunje uso. Halafu kuna siku ambayo pande zote mbili zinakubaliana, nayo ni siku pombe imeharibika. Imegeuka siki, hainyweki, na mama aliyeipika amepoteza mtama wake, kuni zake na fedha za madaftari ya watoto alizokuwa akizitegemea.

Swali letu leo ni hilo: ni nini hasa kinachoichachusha pombe, na kwa nini chungu kimoja kinachacha vizuri na kingine kinaharibika, wakati unga ni ule ule na mpishi ni yule yule? Wengine husema ni joto. Wengine husema ni chungu. Wapo wanaosema ni jicho la jirani.

Mtu aliyelijibu swali hili kwa ushahidi uliowashinda wapinzani wake alizaliwa Ufaransa miaka zaidi ya 200 iliyopita. Jina lake ni Louis Pasteur. Wengi wetu tumemsikia kwa habari ya chanjo, na wengine tumeliona jina lake bila kujua, kwa sababu maziwa ya pakiti yaliyochemshwa kiasi ili kuua vijidudu huitwa kwa jina linalotokana na lake. Ambalo halisemwi sana ni kwamba kabla ya kufika kwenye chanjo alipitia kwanza kwenye pombe. Alianzia kwenye mapipa.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki mwa Ufaransa, akakulia Arbois, mji wa wakulima wa zabibu na watengeneza mvinyo. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa askari wa zamani wa Napoleon ambaye baada ya vita alirudi kwenye kazi ya kutengeneza ngozi. Nyumba yao ilikuwa kando ya mto, na harufu ya ngozi zilizolowekwa ndiyo aliyokulia mtoto huyo. Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kutisha. Alijua kuchora, na picha alizowachora wazazi wake na majirani bado zipo. Mwalimu mkuu wa shule yake aliona kitu fulani ndani yake, akamshauri baba ampeleke mbali zaidi. Alipopelekwa Paris mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka 15, alikumbuka nyumbani kiasi cha kuugua, na baba akalazimika kwenda kumrudisha. Wazazi waliowahi kumpeleka mtoto bweni wanalijua jambo hili. Baadaye alirudi tena Paris, safari hii akakaa.

Alisomea kemia. Kazi iliyompa jina akiwa na miaka 25 tu, mwaka 1848, ilitokana na ule ukoko mgumu unaojijenga ndani ya mapipa ya mbao ya mvinyo. Watu wa Ufaransa waliukwangua na kuuza kwa wapaka rangi nguo. Ukoko huo una tindikali ambayo wataalamu walikuwa hawaielewi: kulikuwa na aina mbili zilizofanana kwa kila kipimo, isipokuwa moja ilipindisha mwanga na nyingine haikufanya hivyo. Pasteur alikaa na hadubini yake, akaona kwamba ile isiyopindisha mwanga ilikuwa na chembe za namna mbili zilizochanganyika, kama mkono wa kulia na wa kushoto, zikifutana. Akazitenga moja moja kwa mkono. Hatutaingia ndani zaidi hapo. La kushika ni kwamba alijifunza tabia ambayo hakuiacha tena, ya kuchukua kitu kidogo kisichosemwa na mtu na kukiangalia mpaka kiseme.

Mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent. Huyu mama anastahili zaidi ya mstari mmoja. Jioni aliandika maneno ambayo mumewe alimtamkia, alinakili makala zake, alijua kila jaribio lilikuwa limefikia wapi, na alilea watoto watano na mume ambaye akili yake mara nyingi ilikuwa imebaki kazini. Vitabu vingi vinamtaja kama mke mwema basi. Sisi tunaona alikuwa mfanyakazi mwenzake asiyelipwa.

Mwaka 1854 Pasteur alipelekwa Lille, kaskazini, kuongoza kitivo cha sayansi. Lille ulikuwa mji wa viwanda, na serikali ilitaka maprofesa wasaidie viwanda hivyo. Mwaka 1856 mzazi wa mwanafunzi wake mmoja, mwenye kiwanda kwa jina la Bigo, alimwendea na shida. Alikuwa anatengeneza pombe kali kutokana na viazi vya sukari. Baadhi ya matangi yake yalikuwa yanachacha vizuri, mengine yanageuka kuwa kitu chenye utelezi wa kijivu na uchachu unaochoma, bila pombe ya maana ndani yake. Alikuwa anapata hasara kila siku.

Yaani ni lile lile swali la Ihanja.

Pasteur alikwenda kiwandani na kuchukua matone kutoka kila tangi. Katika matone ya matangi mazuri aliona vidude vya duara, vinene, vingine vikiwa vimechipua vitoto pembeni. Hiyo ni hamira. Katika matangi mabaya aliona kitu kingine: vijiti vidogo sana, vifupi, vikitikisika, vingi kupita idadi, na hamira ikiwa imezidiwa. Kadiri vijiti vilivyokuwa vingi, ndivyo tindikali ilivyokuwa nyingi, na ilikuwa ni tindikali ile ile inayopatikana kwenye maziwa yaliyoganda. Leo tunaviita bakteria wa maziwa.

Si kwamba hakuna aliyewahi kusema hamira ni kiumbe hai. Karibu miaka 20 nyuma, mwaka 1837, Mfaransa Cagniard-Latour na Mjerumani Schwann walikuwa wamesema hivyo. Ila hawakusikilizwa. Mkemia mkubwa wa Ujerumani, Justus von Liebig, alishikilia kwamba kuchacha ni kuoza tu, vitu vilivyokufa vinavunjika na kuvunja vingine, wala hakuna uhai unaohusika. Neno la Liebig lilikuwa kama sheria. Alichokiongeza Pasteur, katika makala aliyoisoma Lille mwaka 1857, ni kwamba kila uchachu una mchachushaji wake. Mmoja anatengeneza pombe. Mwingine anatengeneza tindikali ya maziwa. Mwingine, ambaye alimchunguza baadaye, anatengeneza siki. Ukipanda mtama huvuni alizeti, na ukimwingiza bakteria wa siki kwenye chungu usitegemee pombe.

Hapa tusimame kidogo tuone maana yake nyumbani. Mpishi wa pombe ya nafaka huloweka mtama au uwele, huuacha uote, huuanika, huusaga. Hicho ni kimea. Hupika uji, huuacha upoe, huutia kimea. Kimea kinageuza wanga kuwa sukari, ndiyo maana togwa ni tamu bila kutiwa sukari. Kisha wanakuja wale wa vijiti, ambao wamekuwa wakiishi kwenye maganda ya nafaka tangu shambani, wanakula sehemu ya sukari na kuacha uchachu ule mlaini. Hamira nayo inakula sukari na kuacha kileo pamoja na hewa inayotoa mapovu. Wote hao wanafanya kazi kwenye uji mzito, ambamo hewa ya nje haiingii sana. Pombe ikikaa wazi, ikapata hewa, anafika wa tatu, yule wa siki. Yeye hali sukari kwanza, anakula kile kileo chenyewe. Ndiyo maana pombe iliyogeuka siki haileweshi kama ilivyokuwa jana, na ndiyo maana hakuna sukari utakayoiongeza ikarudi.

Walitokea waliopinga kwamba vijidudu hivyo vinazaliwa vyenyewe ndani ya kinywaji, kama vile watu walivyoamini funza huzaliwa na nyama. Pasteur akatengeneza chupa za kioo zenye shingo ndefu iliyopinda kama shingo ya bata maji. Akaweka ndani mchuzi wa hamira wenye sukari, akauchemsha, akauacha wazi. Hewa iliingia, vumbi lilinasa kwenye kona ya shingo. Mchuzi ulikaa bila kuchacha. Akivunja shingo, siku chache tu unachacha. Chuo cha Sayansi cha Paris kilimpa tuzo mwaka 1862 kwa kazi hiyo. Uchachu ulikuwa unatoka nje, kwenye vumbi, mikono, vyombo.

Mfalme wa Ufaransa wa wakati huo, Napoleon wa Tatu, alimwomba mwaka 1863 aangalie kwa nini mvinyo wa Ufaransa unaharibika ukisafirishwa. Pasteur alirudi Arbois alikokulia, akafungua maabara ya muda na rafiki zake, wakawa wanachunguza chupa moja baada ya nyingine. Aligundua kwamba mvinyo ukipashwa moto hadi kati ya nyuzi 50 na 60 kwa muda mfupi, ukiwa umezibwa, wale waharibifu wanakufa na ladha inabaki. Alichukua hataza mwaka 1865 kisha akaiacha wazi itumiwe na yeyote. Wapenzi wa mvinyo walipiga kelele, wakidai mvinyo uliopashwa moto ni mvinyo uliokufa. Akaita waonjaji wenye midomo mizoefu, akawapa vikombe bila kuwaambia kipi ni kipi. Walishindwa kukubaliana.

Miaka hiyo hiyo nyumba yake ilikuwa msibani. Binti wa kwanza, Jeanne, alikuwa amefariki mwaka 1859 kwa homa ya matumbo. Mwaka 1865 alifariki baba yake, na mwaka huo huo binti mdogo, Camille, mwenye miaka miwili. Mwaka 1866 akafariki Cécile, miaka 12, naye kwa homa ya matumbo. Katika watoto watano walibaki wawili. Mtu anayesoma kwamba Pasteur alichukia vijidudu kupita kiasi, kwamba aliogopa kushikana mikono na aliupekua mkate wake mezani kabla ya kuula, akumbuke makaburi hayo matatu. Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, alipigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto havikurudi tena sawasawa. Kazi zote tutakazozitaja kuanzia sasa alizifanya mwili wake ukiwa nusu, mikono ya wasaidizi ikifanya ambayo wake haukuweza.

Mwaka 1870 Ufaransa iliingia vitani na Prussia ikapigwa vibaya. Mwanawe wa pekee, Jean-Baptiste, alikuwa askari. Januari 1871 Pasteur, mkewe na binti yao walipanda mkokoteni katikati ya theluji, wakapita kwenye msururu wa wanajeshi waliokuwa wakirudi nyuma wamevaa matambara, wakiuliza habari za kijana wao. Walimkuta karibu na Pontarlier, yu hai. Pasteur hakuwasamehe Wajerumani. Alirudisha shahada ya heshima aliyopewa na Chuo Kikuu cha Bonn, na akaamua kulipiza kisasi kwa njia ambayo pengine hakuna mwingine angeifikiria. Atatengeneza bia ya Kifaransa ambayo itaishinda ya Kijerumani.

Tatizo ni kwamba Pasteur hakuwa mnywaji wa bia. Hakuipenda sana na hakuijua. Alianza kwenye kiwanda kidogo cha Chamalières karibu na Clermont-Ferrand, kisha Septemba 1871 akavuka kwenda London, kwenye kiwanda kikubwa cha Whitbread, kilichopika bia nyeusi ya porter. Wenyeji walimpokea kwa heshima na wasiwasi. Aliomba hamira yao kidogo, akaiweka kwenye hadubini, akawaambia kwamba imechanganyika na wageni wasiotakiwa, na kwamba lazima wana bia inayowarudi. Walikiri, baada ya kusitasita, kwamba ni kweli. Aliporudi baada ya siku chache alikuta wameshanunua hadubini yao.

Nyumbani alikuwa na rafiki wa tangu ujana, Pierre-Augustin Bertin, mwalimu wa fizikia, ambaye yeye bia aliijua na kuipenda. Pasteur alipokuja na chupa za majaribio akieleza kwa kirefu habari za vijidudu, Bertin alikuwa akimtania kwamba ampe kwanza bilauri ya bia nzuri, mhadhara utafuata. Bertin alionja, akatofautisha, akasema hii ndiyo, hii siyo. Pasteur hakuhisi tofauti. Tunakipenda kisa hiki kuliko tuzo zake zote, kwa kuwa kinaonyesha watu wawili wanaotazama chungu kimoja, mmoja kwa jicho na mwingine kwa ulimi, na hakuna aliyeweza kumaliza kazi bila mwenzake.

Kitabu chake kuhusu bia kilitoka mwaka 1876. Ndani yake alichora waharibifu mmoja mmoja, wenye mnyororo, wenye vijiti, wa siki, ili mpishi wa bia ajue adui yake kwa sura. Alitaka bia ipoe na ichache kwenye vyombo vilivyofungwa, kwa hamira safi, bila vumbi. Mitambo yake ilikuwa migumu na viwanda vingi havikuifuata ilivyo. Walichokichukua ni hadubini na usafi. Huko Copenhagen, mwenye kiwanda cha Carlsberg, Jacobsen, alimpenda Pasteur kiasi cha kuagiza sanamu ya kichwa chake. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg, Emil Christian Hansen alifanikiwa kuotesha hamira kutoka kwenye seli moja tu, isiyo na mchanganyiko, na Jacobsen akaruhusu njia hiyo itumike bure. Bia za chupa zinazouzwa leo kuanzia Singida mjini hadi duka la mwisho la kijijini, zenye ladha ile ile Januari na Julai, zinatoka kwenye ukoo huo.

Lakini hapa ndipo tunapotofautiana kidogo na mzee Pasteur. Katika kitabu chake uchachu katika bia ni ugonjwa. Hana jina lingine kwa huo. Na wakati akiandika hivyo, si mbali na mpaka wa Ufaransa, Wabelgiji wa bonde la mto Senne karibu na Brussels walikuwa wakitengeneza, kama wanavyofanya hadi leo, bia iitwayo lambic. Huipika miezi ya baridi, huimwaga moto kwenye sinia pana la wazi ipoe usiku kucha na kupokea chochote kilichomo hewani, kisha huitia kwenye mapipa ya mbao na kuisahau kwa mwaka, miaka miwili, hata mitatu. Mbao za mapipa hayo hazioshwi mpaka zife. Ndani ya vinyweleo vyake wanaishi hamira na bakteria wa vizazi na vizazi. Inatoka ikiwa kali kama ndimu. Bia changa huchanganywa na iliyokomaa, au hutiwa matunda mekundu madogo na kuachwa tena. Kwa wanaoipenda hakuna bia nyingine duniani. Kwa wasioipenda ni siki yenye bei.

Hata Waingereza aliowatembelea walikuwa na bia za kukaa kwenye mapipa makubwa kwa miezi mingi, na ladha yake ya kuzeeka ilitafutwa na wanywaji. Mwaka 1904 Claussen, pia wa Carlsberg, alionyesha kwamba ladha hiyo inaletwa na hamira ya aina nyingine, inayofanya kazi polepole, akaipa jina linalohusiana na Uingereza, Brettanomyces. Katika kiwanda kingine hamira hiyo hiyo ni balaa. Siku hizi Ulaya na Marekani wako watengenezaji wadogo wanaonunua mapipa yaliyotumika kwa mvinyo au pombe kali na kuyajaza bia makusudi ili ichache, na wanywaji wao hubishana kama wanavyobishana wetu: kwamba hii imezidi, hii haijafika, hii inaonja mbao tu, hii imepotea.

Ukifikiri vizuri, mama wa Ihanja anayeanzisha pombe mpya kwa kutia kiasi cha ile ya zamani, au anayepikia katika chungu kile kile cha udongo miaka yote, anafanya kazi ya pipa la Brussels. Chungu kimehifadhi wachachushaji wake. Akikibadilisha kwa ndoo mpya ya plastiki, ladha inabadilika, na hajakosea akisema chungu kina mkono wake. Hata hivyo Pasteur hajashindwa. Uchachu unaotakiwa na uchachu unaoharibu vyote ni kazi ya viumbe, na ufundi ni kujua umemkaribisha nani na umemfungia nani nje. Kufunika chungu, kutoacha pombe nusu chombo ikipigwa na hewa, kutochota kwa kata iliyotoka kulala chini: hayo mpishi mzoefu anayafanya bila kusoma Kifaransa.

Uchachu wenyewe una faida kwa wasiokunywa pombe pia. Tindikali ya maziwa inawazuia wengi katika vijidudu vya kuharisha, na watafiti waliochunguza togwa hapa Tanzania katika miaka ya 1990 waliona watoto waliopewa uji uliochachushwa wana vijidudu hivyo kwa uchache kuliko wenzao. Ila uchachu hauondoi sumukuvu. Nafaka iliyoota ukungu haitengenezeki kwa kuigeuza pombe au togwa, hata ikichacha siku saba. Mwaka 2016 ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walipoteza watu kwa sumu hiyo kwenye mahindi. Tunalisema kwa sababu tunajua desturi ya kuona kwamba mahindi yasiyofaa kwa ugali yanafaa kwa pombe. Hayafai.

Turudi kwa Pasteur, maana maisha yake hayakuishia kwenye bia. Hoja aliyotoka nayo kiwandani ilikuwa rahisi na nzito: kama kijidudu kinaweza kuugua bia, kwa nini kisiugue mtu? Kuanzia mwaka 1879 alifanya kazi ya kipindupindu cha kuku, akagundua kwamba vijidudu vilivyokaa muda mrefu vinadhoofika na kumkinga kuku badala ya kumuua. Mwaka 1881, katika shamba la Pouilly-le-Fort, alichanja nusu ya kundi la mifugo ipatayo 50, wengi wao kondoo, dhidi ya kimeta, kisha wote wakapewa kimeta chenyewe mbele ya wakulima na waandishi wa habari. Tarehe 2 Juni waliochanjwa walikuwa wamesimama wakila, na kondoo wasiochanjwa walikuwa wamekufa au wanakata roho. Wafugaji wetu wanaopeleka ng'ombe na mbuzi kwenye chanjo ya kimeta wanarithi siku ile.

Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa mvulana wa miaka tisa kutoka Alsace, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Pasteur hakuwa daktari, hivyo sindano zilichomwa na madaktari wengine, 13 kwa siku kumi. Mtoto alipona. Ndani ya miezi michache watu walimiminika kutoka pande zote za Ulaya, na michango ya wananchi ikajenga taasisi yenye jina lake, iliyofunguliwa Paris mwaka 1888.

Kuna upande mwingine, na si haki kuuficha. Pasteur aliiagiza familia yake isimwonyeshe mtu madaftari yake ya maabara. Yalikaa kabatini mpaka mjukuu wake alipoyatoa kwa maktaba ya taifa mwaka 1964. Mwanahistoria Gerald Geison aliyasoma na mwaka 1995 akachapisha aliyoyaona. Chanjo iliyotumika Pouilly-le-Fort haikutengenezwa kwa njia ambayo Pasteur aliwaacha watu waiamini. Ilitengenezwa kwa dawa ya kemikali na msaidizi wake Chamberland, njia iliyo karibu na ya mpinzani wake, daktari wa mifugo Toussaint, ambaye hakupata sifa. Na dawa aliyopewa Joseph Meister ilikuwa haijajaribiwa kwa mbwa kwa kiwango ambacho maneno ya Pasteur yalionyesha. Wako wanaomtetea wakisema mtoto angekufa, na huenda ni kweli. Sisi tunasema alikuwa na bahati, na mtoto alikuwa na bahati zaidi. Mtu aliyewadai wapinzani wake ushahidi maisha yake yote alipaswa kuonyesha wake wote.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895 karibu na Paris, akiwa na miaka 72, mkewe pembeni. Mwaka uliofuata mwili wake uliwekwa chini ya jengo la taasisi yake, na Marie akazikwa hapo mwaka 1910.

Karibu na Arbois lipo shamba dogo la zabibu alilolinunua mwaka 1874. Miaka minne baadaye, katikati ya ubishi mwingine kuhusu hamira inatoka wapi, alijenga vibanda vya kioo juu ya baadhi ya mizabibu zabibu zikiwa bado mbichi, na vichala vingine akavifunga kwa pamba, ili vumbi la kiangazi lisizifikie. Zilipoiva akazikamua. Za nje zilichacha zenyewe siku chache tu baadaye, kama kawaida. Za ndani ya kioo zilikaa, zikakaa, zikabaki maji ya zabibu.